Mikoko ya Mlezi Mkuu

Nchi yetu sitaitaja kwa jina. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe kwa sasa halipo, limepelekwa kwenye tume ya kuchunguza kama bado linatufaa, na tume haijarudi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri. Ina bahari upande mmoja na Serikali upande wa pili, na sisi wananchi tumebanwa katikati kwa amani.

Mimi naitwa Mbaruku, katibu wa kijiji cha Mtondooni. Kazi yangu ni kupokea barua za Serikali, kuzisoma kwa sauti barazani, na kuwaeleza watu kwamba walichosikia sicho kilichosemwa. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kuonywa. Kwa hiyo nikisimulia habari za Bi Mwanatumu, asije mtu akadhani nailaumu Serikali. Serikali yetu haijawahi kukosea. Siku ikikosea, tutatangaziwa.

Bi Mwanatumu Shekue ni mwanamke mfupi, mwenye miguu mipana na sauti ya kukwaruza kama chungu kinachosuguliwa kwa mchanga. Zamani alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Wakati huo juu yetu, kwenye Kilima cha Ngao, kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu chemchemi, na kutoka kwenye chemchemi kijito kilichoshuka mpaka ufukweni, ambako mikoko ilikuwa imeshikana mizizi hata nguruwe pori hapiti. Kisha wakaja watu wenye kibali. Msitu wakaufanya mkaa, mikoko wakaifanya boriti. Kibali chao kilikuwa safi kabisa, nilikisoma mwenyewe, kilikuwa na mihuri minne.

Baada ya hapo mvua ikinyesha kijito kilileta tope na mawe, isiponyesha hakikuleta kitu. Bahari ikaona mlango uko wazi, ikaingia. Mwaka wa pili kisima cha kijiji kikageuka chumvi. Serikali haikutuacha peke yetu: ilimtuma mtaalamu, akajaza maji kwenye chupa, akayaonja, akathibitisha kwamba yana chumvi, akaondoka na chupa.

Mwaka huo ndio aliokufa Rehani, mjukuu wa Bi Mwanatumu, binti wa mwaka mmoja na nusu. Aliharisha siku tatu. Hospitali ilisema apewe maji safi kwa wingi. Lilikuwa shauri zuri sana.

Arubaini ilipokwisha, Bi Mwanatumu alijifunga kanga kiunoni, akachukua kikapu, akatembea mpaka kwenye ghuba ya jirani, akaokota zile mbegu ndefu za mkoko zinazoanguka zikiwa zimeshaanza kuota, akarudi nazo, akaingia matopeni na kuanza kuzichomeka. Watu walisema huzuni imempanda kichwani. Mbegu mia mbili za kwanza zilisombwa na maji. Mia mbili za pili zililiwa na kaa. Za tatu zililiwa na mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji, na mbuzi wa mwenyekiti hawakemewi. Yeye akazidi kuchomeka. Akajifunza bahari inafika wapi bamvua, yale maji makubwa, likija, mkoko upi unapenda maji mengi na upi unapenda machache. Mwaka wa tatu walikuwa wanawake saba. Mwaka wa tano walikuwa ishirini na tatu, na kijiji kikawaita Kikundi cha Matope.

Wengine walikwea kilimani. Walipanga mawe kwenye makorongo ili maji ya mvua yashuke kwa adabu, wakakubaliana kwamba kuizunguka chemchemi, hatua mia tano kila upande, hakuna panga wala jembe. Hakukuwa na sheria, wala faini, wala mhuri. Lilinisumbua sana jambo hilo. Mara mbili niliwashauri waandike barua kuomba ruhusa, na mara mbili Bi Mwanatumu aliniuliza, "Katibu, ukisubiri ruhusa ya kupiga chafya, unafanyaje?"

Mwaka wa tisa, Bi Hadia, ambaye katika kikundi ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote, alichota kata ya maji kisimani asubuhi moja, akanywa, akanyamaza. Bi Hadia hakuwa mtu wa kunyamaza. Watu wakaacha vyombo vyao wakamtazama. Akachota tena, akanywa, akaanza kulia. Maji yalikuwa matamu.

Miezi miwili baadaye ikaja barua.

* * *

Wakati huo nchi ilikuwa inaongozwa na Mlezi Mkuu, ambaye alikuwa ameahidi kupanda kwa mkono wake miti milioni moja. Alikuwa amebakiza mmoja. Mingine yote alikwisha kuipanda: mbele ya mabenki, kwenye viwanja vya mpira, mmoja ndani ya uwanja wa ndege. Ilipandwa kiangazi, kwa kuwa masika huharibu mazulia ya wageni. Yote ilikuwa imekauka, lakini haikuwa imekufa, maana kwa mujibu wa Sheria ya Heshima ya Miti, mti uliopandwa na Mlezi Mkuu haufi, hupumzika. Ni mali ya Ikulu. Kila mmoja una kibao na askari, na anayeugusa hata kijiti anafungwa miaka saba.

Ila huu wa milioni ilibidi uishi, kwa sababu mabalozi wangekuja kuutazama, nao hawaifahamu vizuri sheria yetu. Wataalamu wakatafuta pwani nzima mahali ambapo mti ukipandwa hauwi kijiti. Wakapata mahali pamoja tu: Mtondooni.

Barua ilisema sherehe ni baada ya siku kumi na moja. Ilisema pia tufurahi. Nilipomaliza kuisoma tukafurahi.

Kesho yake akaja Bwana Fikirini Zubeiri, Mratibu wa Taifa wa Ukijani. Alikuwa mrefu, mwenye viatu vya ngozi vinavyong'aa na mkoba wa ramani. Alisimama ukingoni mwa matope, akaitazama mikoko kwa muda mrefu. Bi Mwanatumu alitoka humo ndani, tope limemfika mapajani, kikapu kichwani.

"Mama," Bwana Fikirini akasema, "mahali ni pazuri. Ila pana tatizo moja."

"Tatizo gani, mwanangu?"

"Pamejaa miti."

"Ndiyo. Tumeipanda."

"Sawa. Sasa Mlezi Mkuu atapanda wapi?"

Bi Mwanatumu alimtazama kuona kama anatania. Lakini Bwana Fikirini alikuwa ameshafungua ramani na kutoa kalamu nyekundu. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Panatakiwa nafasi ya mti. Panatakiwa nafasi ya jukwaa, hema la mabalozi, maegesho na helikopta. Halafu mti wenyewe lazima uonekane peke yake kwenye picha, bahari nyuma yake. Ukiwa katikati ya miti mingine, nani atajua upi ni wa Mlezi Mkuu? Kwa hiyo ekari kumi na mbili zitasafishwa, kuanzia mdomo wa kijito. Ekari kumi na mbili, nikakumbusha kwa heshima, ndiyo mikoko yote.

"Na ni mti gani huo?" Bi Mwanatumu akauliza.

"Msonobari. Umeagizwa kutoka nje, una umbo zuri."

"Kwenye tope la chumvi hauishi hata mwezi."

"Utaishi, mama. Umeagizwa."

Bi Hadia alikuwa nyuma yetu. "Mikoko ikikatwa, chumvi inarudi kisimani," alisema. "Hilo nalo limo kwenye ramani yako?"

Bwana Fikirini aliitazama ramani kwa dhati kabisa, akasema halimo.

* * *

Siku zile sikutulia. Nilikuwa nikikaa ofisini nasimama, nikisimama naenda kisimani, nikifika kisimani naonja maji kuona kama bado matamu, ingawa hakuna mti uliokuwa umekatwa. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Watu walianza kazi na kuziacha katikati. Wanawake waliweka ndoo, mitungi na madumu foleni tangu alfajiri, wakachota maji wasiyoyahitaji, wakayajaza hata kwenye masufuria ya harusi.

Bi Mwanatumu akaniambia, "Katibu, vaa shati lako la kola. Twende wilayani."

Tulikwenda. Dirisha la kwanza walitaka hati ya kuonyesha kwamba mikoko ni yake. Alisema si yake, ni ya mahali pale. Dirisha la pili wakasema, kama si yake, analalamikia nini? Dirisha la tatu palikuwa na bwana mwungwana sana, alituletea mpaka kiti. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akapekua kitabu kinene.

"Mlipanda mwaka gani?"

"Tulianza miaka tisa iliyopita."

"Mlikuwa na kibali cha kupanda?"

Bi Mwanatumu akanitazama. Mimi nikatazama feni.

"Basi mama, nakushauri kama mwanao, usiifikishe mbele hii. Kupanda miti bila kibali ni kosa. Na adhabu yake," akafuatisha mstari kwa kidole, "ni miti hiyo kukatwa kwa gharama ya mkosaji. Mkinyamaza, Serikali itawakatia bure."

Tulipotoka nje Bi Mwanatumu aliketi kwenye ngazi za ofisi, akavua ndala zake, akaanza kuzipangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Alizipangusa muda mrefu mno kwa ndala.

"Mbaruku," alisema, "wewe unaamini haya unayotusomea?"

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilimjibu kwamba mimi ni katibu.

* * *

Siku ya sita yakaja malori mawili, vibarua na misumeno ya mota. Walianza kona ya kusini. Wanawake wa Kikundi cha Matope walisimama ufukweni, hawakupiga kelele. Kila mti ulipoanguka, aliyeupanda alikuwa anaujua. "Huo wangu," alisema mmoja. "Huo niliupanda nikiwa na mimba ya Sudi," alisema mwingine. Ilipofika adhuhuri ilikuwa imeanguka arubaini na mmoja.

Saa nane mchana tukasikia mngurumo angani. Vibarua wakazima misumeno. Bwana Fikirini alitazama juu, uso ukamgeuka rangi ya unga wa muhogo.

Mlezi Mkuu alikuwa amewahi siku tano. Baadaye tulielezwa kwamba hakuwahi yeye, bali kalenda ndiyo iliyochelewa, na imeadhibiwa.

Helikopta ilitua kwenye uwanja wa shule. Yakafuata magari ya mabalozi, wapiga picha, askari, bendi ya tarumbeta, na lori lenye msonobari ukiwa umevikwa utepe. Kwa dakika ishirini hapakuwa na mtu asiyekimbia. Jukwaa la mbao liliinuliwa mahali pekee palipokuwa wazi, kwenye ile kona iliyokatwa, juu ya tope. Mlezi Mkuu alipanda jukwaani. Alikuwa mzee mnene, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa. Aliitazama mikoko, ekari kwa ekari, kijani imekolea mpaka baharini.

"Fikirini," alisema, na kipaza sauti kikachukua. "Nitapanda wapi?"

Bwana Fikirini akaanza kufungua mkoba wa ramani. Nyuma yake mkuu wa askari alikuwa ameshaanza kuwahesabu vibarua wa misumeno, na nilielewa kwamba jibu lingekuwa "hapa, na sasa hivi," na kwamba ekari zile zingelazwa chini mbele ya macho yetu huku bendi ikipiga.

Hapo ndipo Bi Mwanatumu alipopita katikati ya askari wawili, na tope lake, akasimama chini ya jukwaa.

"Mheshimiwa, usijisumbue," alisema. "Umeshapanda."

Hata watoto walionyamazishwa kwa peremende waliacha kutafuna.

"Nimeshapanda?"

"Yote hii. Miaka tisa imepita. Hapa palikuwa tope tupu, ukaja, ukainama, ukapanda. Sisi tulikuwa tunakushikia vikapu tu. Labda umesahau kwa wingi wa shughuli."

Mlezi Mkuu aliitazama tena mikoko. Taratibu kitu kikaanza kumpanda usoni, kama jua linavyopanda ukutani.

"Nakumbuka," akasema. "Nilikuwa nimevaa koti la buluu."

"La buluu, mheshimiwa."

"Na kulikuwa na upepo."

"Upepo mkali."

Bendi ikalipuka. Mabalozi wakapiga makofi. Mlezi Mkuu alihutubia saa moja na nusu. "Wako wanaosema," alinguruma, "kwamba miti yangu haioti! Haya, hii nini? Hizi ndevu zangu? Nilipanda nikiwa peke yangu, kwenye tope, bila msaada wa mtu yeyote, isipokuwa vikapu! Kuanzia leo msitu huu ni mali ya Ikulu! Atakayeugusa amenigusa mimi machoni!" Wanawake ishirini na tatu waliambiwa wapige vigelegele, wakapiga. Bi Hadia alipiga akiwa amefumba macho.

Kulitokea jambo dogo wakati wa kushuka. Jukwaa lilikuwa limezama kidogo kidogo wakati wa hotuba, na Mlezi Mkuu alipoweka mguu chini, tope lilimpokea mpaka gotini, likaurudisha mguu bila kiatu. Askari walikitafuta siku mbili. Lawama ilikwenda kwa Ukijani wa Taifa. Bwana Fikirini akavuliwa Uratibu papo hapo, akateuliwa Mlinzi wa Mikoko ya Mlezi Mkuu, makao yake Mtondooni, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo au afe.

* * *

"Umegawa jasho letu," Bi Hadia alimwambia Bi Mwanatumu siku ileile, mbele ya watu, kisimani. "Miaka tisa! Mgongo wangu mimi haunyooki. Leo nimempigia vigelegele mtu aliyepoteza kiatu."

"Nimegawa jina," Bi Mwanatumu alijibu. "Miti ipo."

"Jina ni kitu."

"Najua, Hadia. Najua ni kitu." Akainua ndoo yake akaondoka.

Kibao kikasimamishwa: MIKOKO YA MLEZI MKUU. USIGUSE. Bwana Fikirini alikaa chini yake kwenye kiti cha kukunja, na viatu vyake, akiwafukuza wanawake kwa mujibu wa sheria. Alifanya hivyo kwa uaminifu miezi mitatu, mpaka bamvua kubwa lilipoleta takataka: mifuko, kamba, nyavu chakavu. Zikaifunika miche michanga ikaanza kugeuka manjano. Bwana Fikirini alizunguka ukingoni siku nzima, anaingia hatua mbili, anazama, anarudi. Mwishoni alimfuata Bi Mwanatumu nyumbani kwake.

"Mama, ile miti inaumwa."

"Naiona. Nimekatazwa kugusa."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi hakosi njia. Kesho yake aliniletea karatasi nipige chapa, inayowateua wanawake ishirini na tatu kuwa Mikono ya Ziada ya Ikulu. Wakaingia matopeni. Yeye alibaki ukingoni akiwaelekeza, mpaka Bi Hadia alipomwambia, "Mdomo tunao wa kutosha. Lete mikono." Akavua viatu.

Sijui niseme nini juu ya Bwana Fikirini wa baada ya hapo. Miaka miwili alikaa nasi. Alijifunza kuchomeka mbegu bila kuigeuza kichwa chini. Alijifunza kupanga mawe kwenye korongo. Vile viatu vya ngozi kuku wa jirani alitagia kimoja. Siku moja, tukiwa tunapumzika chemchemini, alimwuliza Bi Mwanatumu kilichomfanya aanze, naye akamweleza habari za Rehani, kwa maneno machache, akiwa anang'oa magugu karibu na maji. Bwana Fikirini akasema, kama anayejisemea, "Mimi kwenye faili nimepanda miti elfu themanini. Sikuwahi kuona jani."

* * *

Asubuhi moja redio ikapiga tarumbeta badala ya taarifa ya habari, tukajua. Mlezi Mkuu alikuwa ameondoka kwa hiari yake, dirishani. Aliyeingia aliitwa Mkombozi, na amri yake ya kwanza ilikuwa kuing'oa mizizi ya utawala uliopita. Watu wa mijini walidhani ni maneno ya hotuba. Wiki iliyofuata ikatoka amri ya pili kufafanua ya kwanza: kila mti uliopandwa na Mlezi Mkuu ung'olewe, shina na mizizi, nchi nzima, ndani ya siku saba.

Kwingine kazi ilikuwa rahisi. Vijiti vilivyopumzika hung'oka kwa mkono mmoja. Miti yake iliyo hai nchi nzima ilikuwa mahali pamoja tu.

Barua ilikuja kwa Bwana Fikirini: ang'oe, atume ripoti. Akishindwa, atahesabiwa kuwa ni mzizi.

Tulikutana kisimani. Hakuna aliyekaa. Watu walisema wote kwa pamoja.

"Waambieni ukweli!" Bi Hadia alisema. "Hakupanda yeye, tulipanda sisi!"

Ilibidi niwaeleze, maana ndiyo kazi yangu. Picha zipo. Hotuba ipo. Koti la buluu limo kwenye vitabu vya darasa la nne. Tukisema hakupanda, tumekiri kumdanganya Mkuu wa Nchi, na kumdanganya Mkuu wa Nchi ni kosa hata kama mkuu mwenyewe ameshaondolewa, kwa sababu kiti ni kilekile.

Bi Mwanatumu alikuwa amesimama akiushika ukingo wa kisima kwa mikono miwili. Katika miaka yote ile, tangu kaa walipokula mbegu zake, sikuwahi kumwona akikosa la kufanya.

"Nimeiua mwenyewe," alisema. "Kwa ulimi wangu." Na Bi Hadia, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hajamsamehe, alikwenda akasimama karibu naye, bega kwa bega, akaushika ukingo uleule.

Siku ya nne, ya tano, ya sita. Bwana Fikirini alizunguka mikokoni peke yake kuanzia asubuhi, anagusa shina hili, anagusa lile. Hakuajiri kibarua. Hakuleta msumeno. Siku ya saba aliingia ofisini kwangu, tope limemkaukia miguuni, akaweka kurasa nne mezani.

"Nipigie chapa, Mbaruku."

Nikasoma. *Mikoko yote ya eneo la Mtondooni, ekari kumi na mbili kasoro kona, imeng'olewa shina na mizizi. Eneo sasa ni tope tupu. Wananchi wamefurahi.*

Nilitazama dirishani. Mikoko ilikuwa inatikisika kwa upepo.

"Bwana Fikirini," nikamwambia, "lakini ipo."

"Mbaruku, miaka ishirini nimeandika kwamba miti ipo mahali ambapo haipo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kutazama. Niache niandike mara moja tu kinyume chake."

"Na wakija?"

Alivuta kiti akakaa, mimi nikaanza kupiga chapa. Nilikosea herufi sita. Kisha nikachukua mhuri wa kijiji, ambao kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuupiga juu ya jambo nisilolisadiki kabisa, nikaupiga.

Siku tisa baadaye tulimsikia Mkombozi mwenyewe redioni. Alisema kazi ya kung'oa imekamilika. Alisema miongoni mwa wote waliong'oa, mfano bora ni wananchi wa Mtondooni, ambao wameng'oa msitu mzima kwa wiki moja bila kubakiza jani, na kwamba atatuma mkaguzi kutupongeza.

* * *

Mkaguzi wa Mang'oleo alifika Jumanne, saa sita mchana, mwezi wa joto kuliko yote. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili, amevaa suti nyeusi ya sufu ya utawala mpya. Tulimngoja ufukweni: Bwana Fikirini, mimi, Bi Mwanatumu na wenzake. Nilikuwa nimemwusia mke wangu mahali nilipoweka vyeti vyangu.

Mkaguzi akafungua jalada. Akasoma ripoti. Akainua macho. Mikoko ilisimama mbele yake, mirefu kuliko paa la msikiti, ndege wakipiga kelele ndani yake. Akateremsha macho kwenye ripoti. Akainua tena.

"Hii," alisema polepole, "ni nini?"

Bwana Fikirini alisogea mbele. "Ni tope tupu, mheshimiwa."

"Tope tupu."

"Kama Mkombozi alivyotangaza redioni."

Nilimwona mkaguzi akilipima neno hilo. Alikuwa na watoto, nadhani. Alikuwa na sura ya mtu mwenye watoto shuleni. Macho yake yalitoka kwenye mikoko, yakaja kwenye ukurasa ambapo palikuwa na saini ya waziri na chini yake saini nyingine, kubwa, ya wino wa kijani, ya Mkombozi mwenyewe. Tai alishuka kutoka juu akatua kwenye tawi, tawi likainama.

"Mmefanya kazi safi sana," mkaguzi akasema. Akatoa kalamu akatia saini yake chini ya zile mbili. "Haikubaki hata jani."

"Hata jani," tukajibu sote.

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Jua lilikuwa juu ya utosi, na hatua tatu tu kutoka aliposimama kivuli cha mikoko kilikuwa kimelala juu ya mchanga, kizito, cha baridi. Akakitazama kivuli. Akatazama saini yake, wino haujakauka. Hakusogea.

"Pole, mwanangu," Bi Mwanatumu akamwambia. "Jua kali. Ungekuwepo mti ningekukaribisha kivulini."

"Ahsante, mama," alisema mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ya unyonge.

Bi Mwanatumu akamchotea kwa kata maji ya kisima kutoka kwenye ndoo aliyokuja nayo. Alikunywa kwa kishindo, mpaka tone la mwisho. Kisha akabaki ameishika kata, akiutazama ule msitu kama mtu aliyekutana njiani na ndugu aliyekatazwa kumsalimia.

"Matamu," alisema. "Pwani yote hii nimepita, maji ni chumvi. Yenu yanatoka wapi?"

Bi Mwanatumu alipokea kata, akaijaza tena, akampa.

"Kunywa, mwanangu," alisema.

Akanywa, akiwa amesimama juani.